Harimu ya Ua

Magharibi ya mji wa Maskati, huko Al Khoud, karibu na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kuna ardhi ya vilima vya changarawe na mabonde makavu iliyotengwa kwa kazi moja: kuiotesha mahali pamoja mimea ya asili ya Omani nzima. Bustani ya Mimea ya Omani ilianzishwa kwa agizo la Sultan Qaboos mwaka 2006, ikapewa zaidi ya hekta 400. Spishi zinazokusudiwa kukaa humo ni zaidi ya 1,200, na fahari ya mahali hapo ni kwamba mimea yake ni ya nchi yenyewe, si ya kuagizwa ng'ambo. Kwa kuwa uwanda wa Maskati hauvumiliki kwa mimea ya milimani wakati wa kiangazi, ambapo joto hupita nyuzi 40, ramani ya bustani ina majumba mawili makubwa ya vioo yanayopozwa kwa mitambo. Moja ni la milima ya kaskazini pamoja na matuta ya kilimo ya Jebel Akhdar. La pili ni la Dhofar, kusini, ambako ukungu wa khareef huivika milima rangi ya kijani kuanzia Juni hadi Septemba.

Kazi hii inastahili kusifiwa. Hata hivyo, inazaa swali ambalo mtaalamu wa mimea hawezi kulijibu kwa vipimo vyake, kwa sababu ni swali la wajibu. Ikiwa ua limechukuliwa mlimani, likapandwa chini ya vioo likastawi, kisha pale mlimani likatoweka, je, limeokolewa? Na yule aliyelichukua, je, amelipa deni lake kwa ua hilo, au amejipatia tu risiti ya kuonyesha siku akiulizwa?

Lipo ua moja linalolifanya swali hili liwe gumu kukwepa. Jina lake la kitaalamu ni Dionysia mira, na neno mira katika Kilatini maana yake ni "ya ajabu". Ndugu zake wa jenasi ya Dionysia wako ng'ambo ya Ghuba, katika milima ya Irani, Afghanistan na nchi za jirani. Yeye peke yake ndiye aliyebaki upande wa Bara Arabu, katika milima ya Hajar, akitoa maua ya manjano kwenye nyufa za majabali yenye kivuli. Wageni wapandao Jebel Akhdar majira ya kuchipua huenda kuangalia mawaridi yanayolimwa kwenye matuta na kukamuliwa marashi. Ua la manjano lililojibana ufani halina mnunuzi, halina sherehe, na wengi hulipita bila kulijua.

Milima hiyo inabadilika. Barabara ya lami imewafikisha wageni na mahoteli juu kwenye nyanda za Saiq, na mbuzi pamoja na punda waliozagaa hula kila kilicho karibu na mdomo. Wachunguzi walioiangalia miti ya jamii ya mtarakwa katika miaka ya 1990 waliona kwamba ile iliyo chini ya takriban mita 2,400 ilikuwa na hali mbaya, ilhali ile ya juu zaidi ilikuwa na afya. Mmea unaokimbia joto na ukame hauna njia ila kupanda, mbegu kwa mbegu, kizazi kwa kizazi. Lakini kupanda kuna mwisho. Kilele cha milima ya Hajar ni mita 3,000 hivi, na juu ya hapo ni anga. Mwaka 2011 eneo la Jebel Akhdar lilitangazwa kuwa hifadhi, nayo ni hatua ya maana. Ila tangazo huweza kumzuia mjenzi. Joto halisomi matangazo.

Hapa ndipo majumba ya vioo ya Al Khoud yanapoonekana kama wokovu. Wokovu huo, hata hivyo, una gharama yenye kinaya ndani yake. Umeme wa Omani kwa sehemu kubwa huzalishwa kwa gesi asilia. Kuuweka ubaridi wa mlimani katika uwanda wa Maskati ni kuchoma kitu kile kile ambacho, kikichomwa duniani kote, ndicho kinachoupasha mlima moto. Sehemu ya bustani moja katika jumla hiyo ni ndogo mno, na si haki kuibebesha lawama ya dunia. Hata hivyo mfano wake unatufunza jambo: kuna namna ya kukihifadhi kitu ambayo imo ndani ya mwenendo ule ule unaokiangamiza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana ushahidi wa karibu zaidi wa mwisho wa njia hii. Mwaka 1892, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika milima ya Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau aliloliona linamea kwenye miamba yenye kivuli. Mbegu zikamfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha. Miongo michache baadaye, katika miaka ya 1920, wafanyabiashara wa maua wa Los Angeles walizichagua aina kadhaa na kuzisambaza Marekani. Leo ua hilo ni miongoni mwa maua ya chunguni yanayojulikana mno duniani. Liko kwenye ukingo wa madirisha ya wazee wa Stockholm na kwenye rafu za supamaketi za Toronto, na aina zilizozalishwa na wakulima wa maua zinahesabiwa kwa maelfu.

Majina yake yanasimulia safari yake. Jina la kitaalamu lilimtukuza ofisa. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara, na hivyo angalau wameutaja mlima. Waingereza na Wamarekani wanaliita urujuani wa Afrika, na mlima umetoweka ndani ya bara zima. Hakuna hata moja kati ya majina hayo matatu lililotoka kwa Washambaa, ambao walikuwa wakilipita ua hilo njiani kabla ofisa hajazaliwa.

Na huko kwao? Urujuani wa mwituni hukaa mahali pembamba sana kimaisha: juu ya mwamba wenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mirefu, pasipo jua kali. Mti ukikatwa, mwamba hukauka, na ua hufa bila mtu kuligusa. Misitu ya Usambara ilifyekwa kwa ajili ya kahawa, kisha chai, kisha mbao na mashamba ya chakula. Hifadhi ya Mazingira ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, zaidi ya karne moja baada ya mbegu kwenda Ujerumani. Katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, jamaa yake aitwaye Saintpaulia rupicola anaishi kwenye miamba ya chokaa, na chokaa ni mali. Mwamba ule ule ambao kwa ua ni nyumba, kwa mchimbaji ni bidhaa. Spishi kadhaa za kundi hili zimo katika orodha ya zilizo hatarini kutoweka kabisa.

Basi hili ndilo ua lililofaulu kuliko yote kuhamishwa, na ndilo linaloonyesha kwamba kufaulu huko hakuhusiani na usalama wa kwao. Mamilioni ya vyungu hayajazuia hata shoka moja. Tena yamefanya jambo la hatari zaidi, kwani yamemtuliza mwenye shoka na anayemtazama. Mtu akiambiwa kwamba urujuani wa Usambara unakaribia kwisha, hushangaa, kwa maana ameuona juzi dukani kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Atatokea mpinzani mwenye hoja nzito, naye anastahili kusikilizwa. Atasema: mbona mnalia juu ya kuhama? Mkarafuu ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu wa Omani. Leo nani atathubutu kumwambia Mpemba kwamba karafuu si yake? Na watu je? Maskati imejaa familia zilizotoka Omani zikaenda Zanzibar, zikakaa vizazi kadhaa, kisha zikarudi baada ya 1964 na zaidi baada ya 1970, zikiwa na Kiswahili vinywani na mapishi ya pwani vyunguni. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Kila kilicho cha mahali fulani kiliwahi kuwa cha mahali pengine.

Hoja hii ni ya kweli, lakini inajibu swali ambalo halikuulizwa. Anayetetea makazi ya ua halaumu safari. Analaumu kuibomoa nyumba aliyoiacha msafiri. Mkarafuu wenyewe ni shahidi. Katika karne ya 17, kampuni ya Waholanzi iliing'oa mikarafuu ya visiwa vingi vya Maluku ili biashara ibaki Ambon peke yake, mahali ilipoweza kuisimamia. Watu walipokonywa miti iliyokuwa riziki yao. Kustawi kwa karafuu Pemba miaka 200 baadaye ni baraka kwa Pemba. Hakuugeuzi uovu ule kuwa wema, wala hakuwarudishii watu wa Maluku kilichopotea. Heri iliyopatikana pengine haifuti dhulma iliyotendeka hapa.

Na habari ya lugha inathibitisha jambo hilo hilo. Kiswahili cha Maskati ni hai, lakini kila mwenye nacho anajua kinavyoishi. Bibi huzungumza, mwana hujibu kwa kuchanganya, mjukuu huelewa na kujibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Kinachokitia nguvu ni kwamba Unguja, Pemba na Mombasa bado ziko. Simu hupigwa, harusi huendewa, maneno mapya hufika na misemo iliyosahauliwa hukumbushwa. Lau siku moja pwani yote ingenyamaza, Kiswahili cha Maskati kingebaki na maneno yake yote na bado kingekuwa kimepungukiwa na kitu ambacho kamusi haiwezi kukitunza: mahali kinapozaliwa upya bila kulazimishwa. Chungu huweza kulilea ua. Hakiwezi kuwa chemchemi yake.

Kwa bahati njema, utamaduni wa pande hizi mbili za bahari haukosi dhana za kulifikiria jambo hili. Iko mbili zenye nguvu, na zote zilikuwapo kabla ya mikutano ya kimataifa.

Ya kwanza ni harimu. Katika fikihi, kisima au mfereji wa maji hauna haki ya maji yake tu. Una haki ya eneo linaloizunguka midomo yake, na eneo hilo ndilo harimu yake. Mtu mwingine hana ruhusa kuchimba humo, hata kama hatagusa tone la kisima chenyewe. Sababu yake ni ya werevu mkubwa: achimbaye kando huyavuta maji kwa chini, na mwenye kisima atabaki na shimo. Omani, nchi ya falaj, inalifahamu hili kwa vitendo. Mifereji mitano ya nchi hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, nayo haingeweza kudumu kwa karne nyingi kama kila jirani angekuwa huru kuchimba apendapo. Neno harimu lina mzizi mmoja na haramu na ihramu: ni kilichokingwa, kilichowekewa mpaka.

Mafakihi hawakuliandikia ua hukumu hiyo, na haitakuwa uaminifu kuwasingizia. Lakini mantiki yao inafika mbali kuliko mfano wao. Walitambua kwamba kuwa na kitu pasipo mazingira yanayokiwezesha kuwa ni kutokuwa nacho. Harimu ya urujuani ni mti mrefu ulio juu yake. Harimu ya Dionysia mira ni kivuli cha jabali, mvua ya mlimani na mdudu anayehamisha chavua. Anayesema, "Sikuling'oa ua, nimekata mti tu," ni sawa na anayesema, "Sikuteka maji yako, nimechimba tu kando."

Dhana ya pili ni amana. Aliyekabidhiwa amana hamiliki alichokabidhiwa. Analazimika kukitunza, na analazimika zaidi kukirudisha. Wajibu wa pili ndio unaoipa maana ya kwanza. Kutunza pasipo nia ya kurudisha kuna jina jingine. Bustani, hazina ya mbegu na nyumba ya vioo, vyote vina heshima ya mlinzi wa amana. Ila amana inasimama juu ya sharti ambalo mara nyingi halisemwi: lazima awepo wa kurudishiwa. Ikiwa mlima umekauka na mwamba umesagwa kuwa saruji, mlinzi anashika kitu kisicho na mwenyewe. Hapo amana imegeuka mirathi, na mirathi hupatikana kwa kifo.

Kwa hiyo kosa haliko katika kujenga bustani. Liko katika kuihesabu bustani kuwa malipo. Desturi inayoenea duniani ni kuikusanya mimea katika njia ya barabara au mradi kabla ya matinga kufika, na ni heri ikusanywe kuliko isagwe. Lakini uokoaji unapotangulia kila uharibifu, hufika wakati unakuwa ndio ruhusa ya uharibifu. Anayepanga barabara hujiambia kwamba ua lina pa kwenda. Dhamiri, ikishaonyeshwa chungu, hulala.

Linabaki jambo la haki baina ya watu, ambalo pasipo hilo hoja yote hii ingekuwa anasa ya walioshiba. Mkulima wa Usambara anayekata mti ana watoto wa kulisha. Ua lililotoka kwenye mwamba wa kijiji chake limewatajirisha watu wa mabara mengine kwa muda wa karne moja, naye hakuonja chochote. Mkataba wa Anuwai ya Viumbe wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 viliikiri haki ya nchi na jamii kugawiwa faida inayotokana na viumbe vyao. Lakini sheria hizo hazirudi nyuma kuufikia mwaka 1892. Kumtaka mkulima huyo peke yake alipe gharama ya kuwacha mti usimame, ilhali aliyenufaika na ua hadaiwi kitu, ni kumtaka maskini amlipie tajiri deni. Harimu ina gharama, na mwenye kunywa maji ya kisima ndiye wa kwanza kupaswa kuchangia ulinzi wake. Anayenunua chungu Stockholm amekunywa kisimani humo, ingawa hakijui kilipo.

Vivyo hivyo Maskati. Mji unaokua unahitaji barabara, nyumba na maji, na hakuna anayeweza kuwanyima wakazi wake hayo kwa ajili ya ua. Kinachoweza kudaiwa ni kidogo na kigumu zaidi: kwamba kila mche unaoingia Al Khoud uingie pamoja na ahadi juu ya mahali ulikotoka. Bustani za mimea zina kawaida nzuri inayofaa kuwa mwanzo wa ahadi hiyo. Mbegu ikipokelewa huandikiwa namba, tarehe, na mahali ilipookotwa: jina la bonde, upande wa mlima, kimo kutoka usawa wa bahari. Mgeni anayepita haoni maandishi hayo; huliona ua tu.

Maandishi hayo ni hati ya amana. Maadamu bonde lililotajwa lipo na lina kivuli, yanasoma: hiki ni cha mahali fulani, na siku moja kitadaiwa. Bonde likitoweka, hayatabadilika hata herufi moja, na mtunza bustani ataendelea kumwagilia asubuhi kama jana. Ila yatakuwa yamegeuka maandishi ya aina nyingine, yale yanayochongwa kwenye jiwe la kichwani: jina, tarehe, na mahali alipozaliwa.